Bakuli la kioo limepasukia kwenye oveni: dalili, sababu na la kufanya

Kioo cha kuokea hakipasuki kwa sababu tu moto ni mkali. Kinapasuka pale upande mmoja wa bakuli unapokuwa wa moto huku upande mwingine wa bakuli hilohilo bado ni wa baridi. Upande wa moto unataka kutanuka, wa baridi unaukatalia, na kwa kuwa kioo hakinyumbuliki kama bati, mvutano huo huenda moja kwa moja kwenye sehemu dhaifu: mkwaruzo wa chini, pengo dogo la ukingoni, au kona. Ufa huanzia hapo na kulimaliza bakuli zima kwa kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo bakuli likipasuka, maswali ya kuuliza ni mawili. Tofauti ya joto ilitoka wapi? Na je, bakuli lilikuwa na kidonda cha zamani? Muda ambao limepasuka ndio unaotoa sehemu kubwa ya jibu, na mwongozo huu umepangwa kwa kufuata muda huo.

Kwanza, ujue una kioo gani

Madukani kwetu karibu kila bakuli zito la kioo huitwa "pyrex", hata lile lililotengenezwa kwa ajili ya kachumbari mezani. Jina hilo lilianza kuuzwa mwaka 1915 na kampuni ya Corning ya Marekani, na vyombo vya wakati ule vilikuwa vya borosilikati, kioo chenye boroni ambacho msingi wake uliwekwa na Otto Schott wa Jena, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi jina hilo peke yake halitoshi. Vyombo vya Pyrex vinavyouzwa Marekani ni vya kioo cha soda na chokaa kilichokazwa kwa joto, ilhali vile vinavyotengenezwa Ufaransa ni vya borosilikati. Kuna pia viwanda vingine vingi vyenye majina yao.

Kioo cha soda na chokaa ni cha jamii moja na cha chupa na madirisha. Kikipata joto hutanuka karibu mara tatu zaidi ya borosilikati. Ili kukipa nguvu, kiwandani hupashwa moto sana kisha hupozwa haraka kwa hewa, hivyo ngozi yake ya nje inabaki imebanwa na moyo wake unabaki umevutwa. Matokeo yake ni kwamba kinastahimili kugongwa vizuri, lakini mabadiliko ya ghafla ya joto bado ni adui yake mkubwa. Makadirio ya wataalamu wa vioo ni kwamba bakuli la soda na chokaa linaweza kuanza kupasuka kwa tofauti ya ghafla ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi, na la borosilikati kwa nyuzi 180 hivi. Linganisha na hali ya jikoni: oveni iko nyuzi 180, jiko lako liko nyuzi 30, tofauti ni 150. Bakuli la aina ya kwanza limeshavuka mpaka wake mara mbili na zaidi, na linachokitegemea ni wewe kuhakikisha joto linaingia na kutoka taratibu. La aina ya pili lina nafasi kidogo, na nafasi hiyo inakwisha ukipandisha oveni kupita nyuzi 200.

Kuzitambua aina hizi, pindua bakuli usome chini. Bakuli la oveni huwa na alama ya oveni, au kiwango cha juu cha joto, au maelezo ya matumizi yaliyochapwa kwenye kioo chenyewe. Yapo yanayoandikwa nyuzi 300, na yapo ambayo kiwanda kinakataza kupita nyuzi 220. Bakuli lisilo na alama yoyote, lichukulie kuwa ni la mezani na lisiingie kwenye oveni kabisa, hata kama ni zito na muuzaji amekuapia.

Kama bakuli ni angavu lisilo na rangi, kuna jaribio rahisi. Mimina mafuta ya alizeti masafi kwenye bakuli jingine, kisha chovya kona ya bakuli lako safi na kavu kiasi cha sentimita mbili au tatu. Mwanga hupinda ndani ya borosilikati karibu sawasawa na unavyopinda ndani ya mafuta ya kupikia, kwa hiyo sehemu iliyozama inafifia mpaka inakuwa kama haipo, utadhani kona imekatwa pale mafuta yanapoanzia. Kioo cha soda na chokaa hakifanyi hivyo: kingo zake zinaendelea kuonekana waziwazi ndani ya mafuta. Ukiliangalia kwa ubavu, kioo hicho pia mara nyingi huwa na ukijani au ubuluu kidogo.

Limepasuka mwanzoni, oveni ikiwa inapata moto

Hii ndiyo hali inayowashangaza watu zaidi, kwa kuwa oveni haikuwa na moto hata kidogo wakati bakuli linaingizwa. Na sababu ni hiyohiyo.

Oveni ya umeme inapowashwa ikiwa baridi, koili zake huwaka kwa nguvu zote mpaka ziwe nyekundu, na hazizimiki mpaka hewa ya ndani ifike kwenye joto uliloweka. Katika dakika hizo koili ina joto kubwa kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye kitufe, na inaurusha mng'ao wake moja kwa moja kwenye kitako cha bakuli. Kitako kinaiva, kuta bado ni za baridi. Oveni ya gesi nayo huwasha moto wote wa chini kwa muda huo. Oveni ikishafika kwenye joto lake, koili huwaka na kuzima kwa vipindi vifupi, na kazi kubwa inafanywa na hewa ya moto iliyoenea ndani.

Wengi huuliza: si ni hatari zaidi kuliingiza bakuli la baridi kwenye oveni ambayo tayari ina moto? Hapana, ilimradi bakuli halitoki kwenye friji. Hewa hubeba joto kidogo na kulipeleka polepole, tena inalizunguka bakuli pande zote kwa pamoja. Kinacholiua bakuli ni koili nyekundu inayoliangalia upande mmoja tu.

Washa oveni dakika 15 hadi 20 kabla, usubiri taa ya kuonyesha joto izime. Kisha weka bakuli juu ya wavu wa katikati. Lisikae sakafuni mwa oveni, lisiguse ukuta wa nyuma, na lisikaribiane na chombo kingine kiasi cha kugusana.

Kama uliwasha oveni mapema na bakuli bado limepasuka ndani ya dakika kumi, angalia mambo mengine mawili. La kwanza ni ubaridi: makaroni ya nyama au lasanya iliyolala kwenye friza haiingii kwenye oveni ikiwa ndani ya bakuli lake la kioo. Ihamishie kwenye friji usiku kucha, na ikiwa imejaa hadi juu uipe saa 24. Baadaye iache kwenye meza mpaka kitako cha bakuli kisiwe na ubaridi ukikishika. Borosilikati nayo haina msamaha hapa, kwa sababu chakula kilichoganda kinaendelea kuishikilia sehemu moja kwenye sifuri huku kuta zikipanda.

La pili ni oveni yenyewe. Zile oveni ndogo za kuwekwa mezani zina koili ambazo ziko sentimita chache tu juu na chini ya chombo. Hata zikishapata moto, kila koili inapowaka upya bakuli linapigwa kwa karibu. Watengenezaji wengi wa vyombo vya kioo wanakataza kuvitumia humo, na tunakubaliana nao bila kusita. Tumia bati au alumini.

Na hapa tuzungumzie umeme kukatika. Oveni ilikuwa tayari, bakuli limo ndani, umeme unaondoka nusu saa na kurudi. Unaporudi, oveni imeshapoa na koili zitawaka kwa nguvu zote kama mwanzo, bakuli likiwa palepale juu yake. Umeme ukikatika, zima oveni kwenye kitufe mara moja ili isijiwashe yenyewe, na usifungue mlango. Ukirudi ndani ya dakika chache, oveni bado ina joto na unaweza kuendelea. Ukikawia, toa bakuli kwa kitambaa kikavu, liweke juu ya taulo kavu, washa oveni tupu mpaka ifike kwenye joto lake, ndipo ulirudishe. Keki itakuwa imeharibika kwa vyovyote vile. Kuku na makaroni wataendelea vizuri.

Limepasuka katikati ya mapishi

Ukisikia mlio chakula kikiwa kinaiva, na oveni ilikuwa imetulia kwenye joto lake, mara nyingi mkosaji ni kimiminika.

Chukua mfano wa kuku wa kuoka. Bakuli liko kavu, kuku amewekwa katikati, sehemu ya kitako isiyofunikwa na kitu inapata moto mpaka nyuzi 180 au 200. Ghafla kuku anaanza kutoa maji, hasa kama alikuwa hajayeyuka barafu vizuri tumboni. Maji hayo yanatiririka na kugusa kioo kikavu cha moto. Au mpishi anafungua mlango na kumwagia ndimu na viungo vilivyotoka kwenye friji. Pale yanapotua, ngozi ya kioo inapoa na kujibana papo hapo, na ufa unaanza.

Dawa ni kulowesha kitako kabla chombo hakijaingia kwenye oveni. Kwa bakuli la sentimita 23 kwa 33, kikombe kimoja cha maji au supu, yaani mililita 250, kinafunika chini yote kwa milimita tatu hivi, na inatosha. Viazi na mboga zinazotoa maji zifanyiwe vivyo hivyo. Ukihitaji kuongeza kimiminika baadaye, kiwe kimechemka, kimwagwe kidogo kidogo juu ya chakula chenyewe, kisiguse kioo kilicho wazi. Ila ni bora zaidi kukitia chote mwanzoni. Kwa nyama inayotakiwa ikauke na kukakamaa bila tone la maji, kioo si chombo chake.

Jambo jingine la kuangaliwa sana ni pudini ya mayai yenye karameli. Sukari iliyoungua mpaka rangi ya kahawia iko kwenye nyuzi 160 hadi 180, nzito, na inagandamana na kioo. Ukiimwaga kwenye bakuli la kioo lenye joto la jikoni, unaweka tofauti ya nyuzi 130 na zaidi kwenye uso mmoja kwa sekunde moja. Wakati mwingine ufa hauonekani pale pale. Unajitokeza bakuli likishaingia kwenye oveni. Tunashauri karameli itiwe kwenye bati au sufuria ndogo ya alumini tu. Kama bakuli la kioo la mchanganyiko usio na karameli limewekwa ndani ya treya yenye maji, maji yawe ya uvuguvugu mwanzoni na yasiongezwe ya baridi treya ikishapata moto.

Grili ni suala fupi. Kuchoma jibini au kuipa rangi ngozi ya kuku kwa grili ya juu ni kuliweka bakuli chini ya koili nyekundu kwa makusudi. Usifanye hivyo na kioo cha aina yoyote ambayo kiwanda hakijaruhusu waziwazi. Unataka rangi? Pandisha oveni ya kawaida hadi nyuzi 200 kwa dakika kumi za mwisho, kama bakuli linaruhusiwa joto hilo, na usogeze wavu ngazi moja juu.

Limepasuka baada ya kutolewa

Bakuli limetoka salama, limewekwa, na baada ya sekunde chache au dakika mbili linapasuka kwa kishindo. Hapa usihangaike na oveni. Chunguza pale ulipoliweka.

Kaunta ya vigae, marumaru, zege au chuma hunyonya joto haraka kupitia kitako, huku kuta na chakula vikiwa bado na moto. Kaunta yenye maji ni mbaya zaidi. Kinachosahaulika ni kitambaa kibichi: mtu anashika bakuli kwa kitambaa alichotoka kufutia meza, au analiweka juu yake akidhani anaikinga meza. Maji yaliyomo kwenye kitambaa hupoza kioo pale pale yanapokigusa, na wakati huohuo mvuke unamuunguza mshikaji, ambaye analiachia bakuli lote.

Weka taulo kavu lililokunjwa mara mbili, ubao wa mbao, au wavu wa kupozea keki. Litandike kabla hujafungua mlango wa oveni, kwa sababu ukiwa umeshika bakuli la kilo tatu lenye moto hutakuwa na mkono wa kutafutia taulo. Liweke mbali na feni na dirisha lenye upepo. Kioo hutunza joto kwa muda mrefu, kwa hiyo ngoja mpaka uweze kulishika kwa mkono mtupu, na kwa bakuli kubwa hiyo inaweza kufika saa nzima, ndipo lifike kwenye sinki. Mfuniko wa kioo unafuata sheria hizohizo. Mingi hupasuka kwa kuwekwa chini ya bomba huku bakuli lenyewe likiwa limetunzwa vizuri.

Kuhusu mifuniko ya plastiki inayokuja na mabakuli haya: ni ya kuhifadhia. Haiingii kwenye oveni, na isifunikwe juu ya chakula cha moto sana kwani inajikunja na kuacha kufunga.

Limepasuka lenyewe, halikuwa hata karibu na moto

Bakuli limekaa kabatini, au juu ya meza likiwa na saladi, na limeachia. Hii hutokea zaidi kwa kioo kilichokazwa. Nguvu yake inategemea ile ngozi iliyobanwa. Mkwaruzo ukiwa wa kina kiasi cha kuifikia sehemu ya ndani iliyovutwa, kioo kinaweza kujiachia wakati wowote, hata siku nyingi baada ya kuumizwa. Kilichokuumizia bakuli ni kisu cha kukatia keki ndani yake, kijiko cha chuma kilichogongwa ukingoni ili kudondosha unga, stiliwaya, au mabakuli yaliyopangwa moja ndani ya jingine bila kitambaa katikati.

Vipande vyenyewe vinasaidia kutambua. Kioo kilichokazwa hugawanyika kuwa vipande vingi vidogo kwa mpigo mmoja na kutawanyika mbali. Borosilikati mara nyingi hugawanyika kuwa vipande vichache vikubwa vyenye makali marefu. Ukikuta bakuli limekatika vipande viwili au vitatu tu, tafuta ufa ulianzia wapi: ukianzia kwenye kona au pengo la ukingo, kidonda kilikuwa cha zamani, ukianzia katikati ya kitako, jambo la kwanza la kushuku ni joto la chini au sehemu lilipowekwa.

Lina mkwaruzo. Bado linafaa?

Lioshe, likauke, kisha subiri usiku. Zima taa, washa tochi ya simu na uibane kwenye ukingo ili mwanga uingie ndani ya kioo. Ufa utang'aa kama uzi mweupe. Mikwaruzo ya juujuu itaonekana kama vumbi lililotawanyika. Kisha pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wote na kitakoni. Pale ukucha unapokwama, pana tatizo.

Ufa wowote, hata wa sentimita moja: bakuli limekwisha. Pengo kwenye ukingo au mpini: limekwisha pia, hata kama limekaa hivyo mwaka mzima. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha: liondoe kwenye kazi ya oveni. Baadhi ya watu hulipeleka bakuli kama hilo kwenye kazi ya kuwekea matunda. Kwa borosilikati hilo halina ubaya, kwa kioo kilichokazwa tunaliona ni kujitafutia hatari bure. Ukungu wa mikwaruzo midogo isiyokwamisha ukucha hauzuii matumizi, lakini kuanzia hapo usipite nyuzi 180.

Bakuli lililowahi kuanguka sakafuni na "halikufanyika kitu" lipitie jaribio hili kabla ya kurudi kwenye oveni.

Bakuli ni zima, lakini chakula hakiivi sawasawa

Keki imekauka pembeni na katikati ni mbichi. Hii ni tabia ya kioo. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara mia mbili ya kioo, kwa hiyo kwenye bati unga huanza kuiva mara moja, wakati kwenye kioo unachelewa. Kioo kikishapata moto nacho hakiachi: kinaendelea kuzichoma kingo, hata bakuli likiwa limeshatolewa.

Mapishi yaliyoandikwa kwa bati la nyuzi 180, oka kwenye kioo kwa nyuzi 165, na uongeze dakika tano hadi kumi. Mapishi ya Kimarekani yanayosema 350 yanamaanisha Farenhaiti, ambayo ni nyuzi 177 za Selsiasi, kwa hiyo nayo yashushe hadi 160 au 165. Kwenye oveni ya gesi yenye namba, namba 4 ni nyuzi 180 na namba 3 ni 160 na kitu. Anza na 3. Usijaze unga kupita theluthi mbili za kimo cha bakuli. Choma kijiti katikati: kikitoka na chembe chache zenye unyevu, toa, joto la kioo litamalizia.

Ikiwa kitako kinaungua na juu ni peupe, angalia kitako kupitia kioo: faida ya kioo ni kwamba unaweza kuona rangi ya chini bila kukigusa chakula. Panda ngazi moja ya wavu. Ikiendelea hivyo kwa kila kitu unachooka, oveni yenyewe inapika kwa joto lisilolingana na kitufe. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye wavu kitakuonyesha, na ni vizuri kukijua hilo pia kwa usalama, kwani oveni inayosema 200 huku ndani ni 230 inalipitisha bakuli mpaka wake bila wewe kujua.

Kioo kinang'ara kweli kwenye vyakula vyenye uchachu: samaki wa nyanya, kuku wa ndimu, kitu chochote chenye ukwaju. Alumini huathiriwa na asidi na kukipa chakula ladha ya chuma, kioo hakiathiriwi. Makaroni, pudini ya mkate na viazi vya maziwa vinakaa humo vizuri na kubaki na joto mpaka mezani. Biskuti, mkate wenye gamba kavu na pitsa havifai.

Ukungu na madoa

Ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni ni wa aina mbili. Maji ya visima vya pwani, Unguja na Mombasa kwa mfano, yanapita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa nyingi, inayobaki kwenye kioo maji yakikauka. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, loweka nusu saa, sugua kwa sponji. Ukitoka, ilikuwa chokaa. Usipotoka, uso wa kioo umeliwa na sabuni kali ya mashine ya kuoshea vyombo, na hautarudi.

Madoa ya kahawia kwenye kingo na vipini ni mafuta yaliyopikwa yakagandamana. Changanya baikaboneti ya soda vijiko vitatu na maji kijiko kimoja, paka, acha usiku kucha, sugua kwa dodoki au sponji laini. Rudia usiku wa pili kama ni ya siku nyingi. Stiliwaya inayatoa kwa dakika mbili, na kila mpigo wake unaacha mikwaruzo tuliyoieleza hapo juu.

Mahali ambapo kioo hakiendi

Moto wa juu wa jiko, uwe wa gesi au wa umeme: kamwe, hata kwa dakika moja ya kuyeyusha siagi au kupunguza rojo. Jiko la mkaa vilevile. Mkate wa sinia na keki za kupalia makaa juu ya mfuniko zinahitaji chuma, kwa sababu kila kaa ni chanzo chake cha joto na hakuna hewa ya kulisawazisha. Kuweka mchanga ndani ya sufuria na bakuli la kioo juu yake hakuondoi hatari, kwani mchanga unapata moto chini kabla ya kuta za bakuli.

Kwenye mikrowevu kioo cha oveni kinafaa, isipokuwa likiwa tupu, au likiwa na mafuta au siagi peke yake, ambayo hupata moto kupita kiasi mahali pamoja.

Likishapasuka

Zima oveni au gesi na uache mlango umefungwa. Vipande vya moto vinaweza kuendelea kukatika, na hewa ya baridi ikiingia inavichochea. Watoe watoto na wanyama jikoni, vaa viatu vya kufunika vidole. Kama limepasukia mezani, usilikamate wala usilimwagie maji.

Subiri mpaka kila kitu kipoe kabisa. Chakula chote kinatupwa, hata kile kilicho upande wa mbali, hata kama ni kuku mzima wa sikukuu. Chembe za kioo zinaruka na haziwezi kuchujwa kwenye mchuzi. Chakula kilichokuwa wazi karibu kwenye kaunta nacho kitupwe. Okota vipande vikubwa ukiwa na glavu nene, vifunge kwenye magazeti kadhaa kisha ndani ya boksi, na uandike juu yake "kioo" kwa ajili ya wanaobeba taka. Chembe ndogo zifute kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, ukitupa kila karatasi baada ya kufuta mara moja, na sponji ya vyombo isitumike kwa kazi hiyo. Chembe hufika mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo mulika tochi ukiwa umeilaza sakafuni, zitameta.

Ndani ya oveni, toa nyavu na treya zote uzioshe nje. Kwenye oveni ya gesi, inua bamba la sakafuni na uangalie matundu ya moto, kwani kipande kikikaa hapo moto utawaka upande mmoja. Angalia pia mpira wa mlango: chembe iliyonasa hapo itaukata kila unapofunga, na mlango utaanza kuvujisha joto. Kisha washa oveni tupu kwa nyuzi 180 dakika 15, uizime, na ikipoa ufute sakafu yake mara moja zaidi kabla ya kuingiza chakula.